Nyama za pua: mambo ya kufanya kabla hujamruhusu mtu akukate

Jumapili moja nilibaki nyumbani peke yangu, nimebandika maharage, nikakaa sebuleni naangalia mpira, mlango wa jikoni upo wazi kabisa. Nikaja kushtuliwa na jirani anagonga dirisha, "Baba Zai, unaunguza nyumba!" Naingia jikoni, moshi mpaka darini, sufuria imekuwa nyeusi tii, na mimi sijasikia hata chembe ya harufu. Hapo ndo nikakubali kwamba haya sio mafua.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshakula amoxicillin dozi sijui ngapi kwenye zahanati moja ya mtaani, kila nikienda naambiwa "una mafua sugu", napewa dawa, narudi. Leo ni mwaka wa tisa naishi na nyama za pua, nimeshapasuliwa mara mbili, na kila wiki kuna ndugu au rafiki wa rafiki ananitumia mesej anauliza afanyeje, kwahiyo nimeamua niandike yote mara moja. Mi sio daktari, ni mgonjwa mzoefu tu, haya ni yale niliyoambiwa na madaktari nikayafuata na yale niliyoyakosea mwenyewe.

Jina la kitaalamu ni polipu. Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake "yenye miguu mingi", na ndo jina walilomwita pweza. Waganga wa zamani wa huko waliona kitu kinaning'inia puani kina mizizi wakaona kama pweza kajificha kwenye mwamba. Mtu wa pwani ukiambiwa hivyo unaelewa haraka kuliko maelezo mengine yoyote, maana pweza ukimvuta mguu mmoja ukakatika, mwenyewe bado yumo shimoni.

Hatua ya 1: Jua kwanza una nyama ipi

Hapa ndo watu wengi wanapotelea. Kwetu "nyama za pua" ni jina moja la vitu vitatu tofauti kabisa, na matibabu yake hayafanani.

Cha kwanza ni zile nyama za watoto. Zinakaa nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, huzioni hata ukimulika na tochi. Mtoto anakoroma usiku kama mtu mzima, analala mdomo wazi, masikio yanamsumbua, ukimwita hasikii vizuri. Zinaitwa adenoidi, kila mtoto anazo, shida ni zikikua kupita kiasi, na kwa kawaida zinasinyaa zenyewe mtoto anapokaribia ujana. Hizo sio polipu. (Na hapohapo niseme, habari ya kumkata mtoto kimeo kwa sababu anakohoa au anakoroma, jamani tuiache, kimeo hakihusiki na pua hata kidogo na watoto wanavuja damu mpaka wanapoteza maisha.)

Cha pili ni nyama ambazo kila binadamu anazo, zipo ubavuni ndani ya pua kila upande, kazi yake ni kupasha hewa joto na kuilowanisha kabla haijaingia kwenye mapafu. Ukiwa na aleji zinavimba. Watu wanamulika na tochi ya simu mbele ya kioo, wanaona kitu chekundu kimejaa, wanapiga kelele "nina nyama!" Ndugu yangu, hiyo umezaliwa nayo.

Cha tatu ndo polipu yenyewe. Ndani ya pua, na kwenye vile vyumba vya hewa vilivyomo kwenye mifupa ya uso, yaani sainasi, kumetandikwa ngozi laini yenye ute, kama ile ya ndani ya shavu. Ngozi ile ikikaa imevimba miezi na miaka inajaa majimaji, inalegea, inaanza kuning'inia kama tone linalotaka kudondoka. Siku daktari aliponiingizia kamera, mrija mwembamba tu, nikaona kwenye skrini vitu vyeupe kijivujivu, vinang'aa, vimejazana kama shokishoki ndogo zilizomenywa. Tofauti yake na ile nyama ya kuzaliwa nayo ndo hiyo rangi, ile ni nyekundu au ya pinki na ukiigusa inauma, polipu imepauka na ukiigusa mtu hasikii kitu. Naomba lakini usianze kujichokonoa na njiti ili uhakikishe, nimekwambia ili ujue daktari anaangalia nini.

Polipu za pua kwa kawaida zinawapata watu wazima, zaidi kuanzia miaka ya arobaini huko, na mara nyingi zinakuwa pua zote mbili. Mtu mwenye pumu ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa nazo. Kwa mtoto mdogo chini ya miaka kumi ni nadra, kwahiyo mtoto akiambiwa ana polipu lazima apelekwe kwa bingwa, na kichanga mwenye kitu kinachoning'inia puani asiguswe na mtu yeyote asiye daktari bingwa, maana kuna hali ambayo utando wa ubongo wenyewe umeshukia puani kupitia tundu kwenye mfupa. Mtu akikata pale amekata ubongo.

Polipu zinaota na sehemu nyingine za mwili zenye ngozi ya ute, nizitaje haraka nisikupoteze. Za utumbo mpana ni habari nyingine kabisa, baadhi zikiachwa miaka mingi zinageuka kansa, ndo maana zikionekana kwenye kipimo cha kamera zinatolewa palepale. Za kwenye kizazi zinaleta damu katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa, mama aende kwa daktari wa wanawake. Hizi za pua za kawaida, za pande mbili, hazina tabia ya kugeuka kansa. Usiku wa kwanza baada ya kuambiwa sikulala kwa ajili ya hilo swali, kwahiyo nakujibu mapema.

Hatua ya 2: Jipime nyumbani

Chukua vitu vinne vyenye harufu usiyoweza kuikosea, mfano karafuu, kahawa ya unga, ganda la chungwa, na sabuni ya kufulia. Funga macho, mtu akuwekee kimoja kimoja chini ya pua, ziba tundu moja, vuta, sema ni nini, alafu ubadilishe upande. Usitumie vitu vya kuwasha kama siki kali au Vicks, hivyo vinachoma ngozi, utahisi kitu hata kama harufu husikii, utajidanganya.

Alafu jiulize haya. Pua imeziba zaidi ya wiki 12 bila kukatika? Kamasi zinashuka nyuma kooni usiku mpaka unaamka unakohoa? Sauti imekuwa kama mtu aliyebana pua? Uso mzito, hasa katikati ya macho? Chakula hakina ladha, unaongeza chumvi na pilipili tu? Mke wangu alilalamika mchuzi naujaza chumvi mwaka mzima kabla sijagundua kitu, nikawa nasema yeye ndo amebadilisha mapishi, tukagombana bure.

Mafua ya kawaida yanaondoka ndani ya wiki moja au mbili. Aleji inakuja na kuwasha, chafya mfululizo, macho kutoa machozi. Kovidi nayo inaondoa harufu, ila inaondoka ghafla, leo unasikia kesho husikii. Polipu inaiba taratibu, ndo ubaya wake, hujui siku gani ulipoteza. Mi nilijua siku nilipoenda harusini Pemba msimu wa karafuu, zimeanikwa kwenye majamvi pembeni ya barabara kila unapopita, wageni wote kwenye gari wanasema mashaallah harufu hiyo, na mimi natikisa kichwa kama nasikia.

Hatua ya 3: Angalia kama kuna dalili ya hatari

Hizi ukiwa nayo hata moja, ruka hatua zote nenda hospitali. Pua imeziba upande mmoja tu na haifunguki. Damu inatoka upande huohuo mara kwa mara, au usaha wenye harufu mbaya (kwa mtoto mdogo hiyo mara nyingi ni punje ya maharage au shanga aliyoiingiza mwenyewe, ila kwa mtu mzima isichezewe). Jicho linatokeza au unaona vitu viwili viwili, shavu limekufa ganzi, meno ya juu yanalegea. Na ukiwa na homa na jicho limevimba, au kichwa kinauma vibaya na shingo imekaza, hiyo ni ya leoleo, sio ya kesho asubuhi.

Kitu cha upande mmoja kinahitaji kukatwa kipande kidogo kipelekwe maabara, kwasababu uvimbe mwingine, hata kansa, unaweza kujifanya polipu. Vijana wanaweza kupata polipu moja kubwa ya upande mmoja inayotokea kwenye sainasi ya shavu na kushukia kooni, haina ubaya, ila nayo dawa ya kupuliza haiiwezi, ni kupasuliwa.

Hatua ya 4: Acha kwanza unachofanya sasa hivi

Naposema hivi watu wananuna, ila nitasema.

Acha yale matone ya kufungua pua fasta, ya oxymetazoline na xylometazoline. Ukiweka, dakika tano pua wazi, raha. Ukizidisha siku tano hivi, pua inazoea, dawa ikiisha nguvu inaziba kuliko mwanzo, unaweka tena, umeshakuwa mteja. Mimi nilitembea na kichupa mfukoni karibu mwaka mzima, nikisahau nyumbani nageuza bajaji narudi.

Acha unga wa kunusa wa kuchoma nyama. Niliuziwa mmoja sokoni, nikaambiwa siku tatu nyama inadondoka. Kilichodondoka ni damu, nilipiga chafya kwenye kanzu nyeupe siku ya Ijumaa. Ile dawa inaunguza ngozi nzima, nzuri na mbaya, na mzizi wa polipu upo juu huko kwenye sainasi ambako unga haufiki.

Antibayotiki nazo, polipu sio usaha. Unapewa pale ambapo sainasi zimeshambuliwa na bakteria kweli, na daktari ndo aseme.

Na hili lisome mara mbili kama una pumu: baadhi ya watu wenye polipu na pumu miili yao haikubaliani na aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na jamii hiyo ya dawa za maumivu. Ukimeza, ndani ya saa moja mbili pua inaziba, kifua kinabana, wengine wanafika hospitali hawawezi kuongea. Kwetu diklofenaki inatolewa kama karanga, ukisema mgongo tu unachomwa sindano. Kama umewahi kubanwa kifua baada ya dawa ya maumivu, mwambie kila anayetaka kukutibu, kila mara, hata kama amekasirika.

Hatua ya 5: Nenda kwa mtu sahihi, na uende umejipanga

Unayemtaka ni daktari wa masikio, pua na koo. Zahanati nyingi hawana, kwahiyo omba rufaa, hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando wana idara zao, Nairobi kuna Kenyatta. Kama unatumia bima fuata ngazi za rufaa tangu mwanzo, usije ukaruka ukagharamia mfukoni.

Andika kwenye karatasi kabla hujaenda: pua imeziba tangu lini, upande gani, harufu ilipotea lini, dawa zote ulizotumia pamoja na za kienyeji (usione aibu), una pumu au huna, dawa gani ya maumivu ilikudhuru, una kisukari au presha, umewahi kutibiwa TB. Ukifika pale unasahau yote, daktari ana watu hamsini nje.

Atakuangalia kwanza na taa, alafu na kamera ya kuingia puani. Wanapuliza ganzi kidogo, koo linakufa ganzi unahisi kama huwezi kumeza, usiogope, inapita. Hiyo kamera ndo inayotoa jibu. Sitiskani, ile picha ya CT, wanaitaka zaidi wakishafikiria upasuaji, maana inawaonesha ramani ya mifupa, au pale ambapo kuna kitu hakieleweki. Eksirei ya kawaida ya uso haisaidii sana, nilipigwa mbili, zote ziliandika "sainasi zimejaa", basi.

Muulize: ni polipu kweli au ni ile nyama ya kawaida imevimba? Ni pande zote mbili? Tunaanza na dawa kwa muda gani kabla ya kufikiria kisu? Mtu akikukuta siku ya kwanza, hajaingiza kamera, hajakupa dawa yoyote, anakupangia tarehe ya upasuaji, nenda ukapate maoni ya daktari wa pili.

Hatua ya 6: Osha pua kila siku

Hapa sasa ndo kazi yenyewe, na ndo sehemu rahisi ambayo watu wanaidharau.

Chemsha maji, yachemke haswa dakika kadhaa, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Usitumie ya bombani, ya kisima, wala ya tangi moja kwa moja. Kuna kijidudu kinaishi kwenye maji kinaitwa Naegleria fowleri, ukikinywa hakikufanyi kitu, ila kikipanda puani kinaweza kufika kwenye ubongo. Ni nadra mno, ila akipatwa mtu kupona ni bahati, na kinga yake ni kuchemsha maji tu, sasa kwanini ubahatishe.

Nusu lita ya maji hayo, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, cha kufuta sio cha kichuguu, na nusu kijiko cha baikaboneti ile soda nyeupe. Sio bekingi pauda, sio hamira, na sio magadi ya kulainishia maharage. Baikaboneti ikikosekana chumvi peke yake inatosha. Ukihisi inachoma sana punguza chumvi, na maji matupu bila chumvi ndo yanachoma kuliko yote, utaona.

Chukua bomba la sindano la mili 20, bila sindano yenyewe, la famasia. Inama juu ya sinki au beseni, mdomo wazi, sema "aaa" au hema kwa mdomo, sukuma maji taratibu upande mmoja ukiwa umeelekeza nyuma, usielekeze juu kwenye paji la uso. Yatatokea upande wa pili au mdomoni. Tema. Rudia upande wa pili. Nusu lita yote iishe. Penga taratibu, pande zote mbili zikiwa wazi, usibane upande mmoja ukapenga kwa nguvu maana unasukumia uchafu masikioni. Sisi tuliozoea kuvuta maji puani wakati wa udhu hatusumbuki sana kujifunza, mke wangu alicheka tu akasema "hiyo si udhu tu hiyo?"

Bomba lioshe kwa maji ya kuchemsha, lianike likauke, libadilishe likianza kuwa gumu. Maji yaliyobaki yasilale mpaka kesho.

Hatua ya 7: Sprei ya stiroidi, na namna ya kuipiga

Subiri dakika kumi au kumi na tano baada ya kuosha, pua iwe imetulia, ndo unapiga dawa. Dawa zenyewe ni kama fluticasone, mometasone, budesonide, beclometasone, daktari atachagua. Stiroidi ni dawa ya kushusha uvimbe, neno lenyewe linatisha watu, ila hii inafanya kazi palepale puani, kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana.

Miaka miwili ya kwanza nilikuwa napiga vibaya na hakuna aliyeniangalia. Nilikuwa nainua kichwa juu, nabonyeza, navuta kwa nguvu mpaka naisikia chungu kooni, nafurahi eti imefika. Kumbe imefika tumboni. Fanya hivi: tikisa kichupa, inamisha kichwa mbele kidogo kama unasoma simu, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, ncha uielekeze nje upande wa sikio, sio kwenye ukuta wa katikati ya pua. Ule ukuta wa katikati ukipigwa dawa kila siku unachubuka, unatoka damu. Bonyeza huku unavuta pumzi polepole kama unanusa ua, basi. Ukiionja kooni ujue ulivuta kwa nguvu.

Haifanyi kazi leo. Hii sio kama yale matone ya mfukoni. Wiki mbili za kwanza unaweza usione kitu, hesabu miezi mitatu ya kila siku ndo uihukumu, na hata pua ikifunguka usiache bila kuambiwa. Ramadhani napiga wakati wa daku na baada ya futari, nilimuuliza daktari wangu akasema kwangu ni sawa.

Hatua ya 8: Vidonge vya stiroidi

Prednisolone. Siku ya tatu nilisikia harufu ya vitunguu vinakaangwa nyumba ya jirani nikasimama uani kama mjinga, machozi yananitoka. Ndo hatari yake hiyo, ni tamu. Inapewa siku chache tu, na baada ya wiki kadhaa nyama nyingi zinarudi kuvimba, kwahiyo mtu anarudi famasia kununua mwenyewe, na tena, na tena. Inapandisha sukari na presha, inachubua tumbo, inapunguza uimara wa mifupa, inaweza kuamsha TB iliyolala, na ukiitumia muda mrefu ukaiacha ghafla mwili unaweza kugoma kabisa. Kozi chache kwa mwaka, daktari anajua, mwisho hapo.

Hatua ya 9: Ikifika kwenye kisu

Dawa zikigoma kwa miezi, au nyama zimejaa mpaka sprei haina pa kupita, wanapasua. Siku hizi wanaingia na kamera kupitia matundu ya pua, uso hauchanwi. Wanatoa nyama na kufungua milango ya zile sainasi, na faida kubwa ya kufungua ni kwamba baada ya hapo maji ya chumvi na dawa vinafika kule juu ambako mwanzo havikufika. Unalazwa nusu kaputi. Usikubali ya kushika nyama na koleo na kuvuta tu ukiwa umekaa kwenye kiti, kama kuna njia nyingine.

Hatari zipo, waulize wakutajie: damu, kuumia jicho, au kutoboka kwa ule mfupa mwembamba kati ya pua na ubongo. Hazitokei mara nyingi, ila ujue. Baada ya upasuaji ukiona maji meupe kama ya bombani yanadondoka upande mmoja hasa ukiinama, yana chumvichumvi, usijifute tu ukasema mafua, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Nyumbani: wiki mbili usipenge kamasi, chafya ikija fungua mdomo, usibebe ndoo, usiiname kufunga viatu, lala umeinua kichwa kwa mito miwili. Utatoa madonge meusi ya damu na kamasi, ni kawaida, yanachukiza tu. Kuosha pua kunaanza mapema, daktari atakwambia siku gani, na kliniki za kusafishwa usizikose hata moja. Dawa za kuyeyusha damu na aspirini uwe umezitaja kabla, uambiwe uache lini, usijiachishe mwenyewe.

Upasuaji wangu wa kwanza ulienda vizuri. Nilivyopona nikatupa sprei, nikatupa bomba, nikasema nimemaliza. Mwaka mmoja na miezi kadhaa nyama hizoo. Mama mmoja muuguzi mtu mzima, aliyenipokea mara ya pili, akaniangalia akasema, "Baba, uyoga umekata, gogo umeliacha na maji." Kuna watu zinawarudia hata wakifuata kila kitu, hasa wenye pumu, mwili wao ndo umeumbwa hivyo, ila ukiacha dawa umezikaribisha. Kuna sindano mpya pia, dupilumab, Marekani waliiruhusu kwa polipu za pua mwaka 2019, unachomwa kila wiki mbili. Bei yake bado sio ya watu wa mitaa yetu, ila kama upo Ulaya au Uarabuni na bima nzuri, muulize daktari wako.

Hatua ya 10: Kama harufu bado haijarudi, ilinde nyumba

Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, ile harufu mbaya inawekwa makusudi ili uistukie. Wewe huistukii. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye kichwa na kwenye unganisho la mpira, likitoa mapovu kuna uvujaji. Funga mtungi juu kabisa ukimaliza kupika, mtu mwingine wa nyumbani ajue kwamba yeye ndo pua ya nyumba. Maziwa na mboga ya jana andika saa uliyopika au mpe mtu anuse, mtoto wangu wa miaka minane anafanya hiyo kazi na anaidai hela. Ukibandika kitu, weka alamu ya simu. Na hutajisikia jasho lako, kwahiyo oga kwa ratiba, usisubiri kujinusa.

Mimi sasa nina kikopo cha karafuu pembeni ya mswaki, nilinunua kulekule Pemba. Kila asubuhi nafungua, nanusa kulia, nanusa kushoto, nafunga. Zikififia siku tatu mfululizo na sina mafua, naangalia kwanza kama sijaruka sprei, na wiki ikiisha bila kurudi naenda kliniki, sisubiri maharage tena.